Kabla hujatuma hela ya kujenga kituo cha yatima, nisome kwanza

SEHEMU YA 1

Leo siongelei chanjo wala kunyonyesha. Naongelea hela zenu, na ni ndefu, nitaigawa vipande vipande kama kawaida yangu. Anayechoka apumzike, arudi baadaye akishamlaza mtoto.

Wiki hii kwenye grupu letu la kina mama hapa Nakwa imezunguka ile video. Mnaijua. Jengo halina paa, ukuta una matundu, watoto wamepangwa mstari mbele yake, na binti wa kama miaka saba kambeba mwenzake mgongoni. Maandishi yanasema ni Kivu Kaskazini, Kongo. Shirika dogo, la watu wachache wenye moyo, linataka kukijenga upya kituo cha yatima kilichoharibiwa na vita. Wanaomba mabati, saruji, vitanda vya deka na magodoro. Grupu likakubaliana elfu kumi kila mmoja. Kuna mama namjua anauza dagaa kwenye beseni, ametoa. Kuna mwingine amejifungua juzi kwa upasuaji, bado anatembea kajishika tumbo, ametoa.

Mimi sijatoa. Na mweka hazina akanitania mbele ya watu kwamba "nesi mzima unashindwa elfu kumi". Sawa. Naomba nijibu hapa hapa ili nisirudie kwa kila mmoja.

Sitoi hela ya kujenga bweni la watoto. Na nakuomba na wewe usitoe, mpaka tujibiwe maswali nitakayoyasema. Sijasema usiwasaidie watoto wa Kongo. Nimesema bweni. Tusipotoshane hapo.

Hali ya kule siipunguzi hata chembe. Kundi la M23 liliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, katikati ya Februari likawa limeingia Bukavu. Kambi za waliokimbia vita zilizokuwa zimeuzunguka mji wa Goma zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka ndani ya siku chache, wengine hata walikotoka hapapo tena. Hebu piga picha umebeba mmoja mgongoni, umeshika mwingine mkono, una ndoo kichwani, halafu risasi zinalia na umati unakimbia. Ukifika ng'ambo unageuka, mkono mmoja hauna mtu. Watoto wengi "wasio na wazazi" huanzia hapo. Wazazi wao wako hai, wamepotezana tu.

Sasa nikuulize. Mtoto kama huyo anahitaji paa la nani?

SEHEMU YA 2

Kuna waliokasirika. Mmoja ameandika, "Nesi, dini zote zinatuamuru tuwatunze yatima." Kweli kabisa, na mimi ni muumini. Ila sijaona mahali palipotajwa bweni.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi tukisikia "yatima" tunaona mtoto ambaye kabaki peke yake duniani. Kwenye hesabu za mashirika makubwa, UNICEF wakiwemo, yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu hiyo, hapa mtaani kwetu mtoto wa yule dada aliyefiwa na mume kwa ajali ya bodaboda ni yatima, na mama yake yuko pale sokoni anauza nyanya, jioni anamwogesha. Ukisoma kwenye bango "yatima" wengi kiasi fulani, ujue humo ndani kuna mama wengi walio hai. Shirika la Save the Children mwaka 2009 liliandika kwamba duniani, angalau watoto 4 kati ya 5 wanaoishi kwenye vituo wana mzazi mmoja aliye hai. Wanne kwa watano, jamani. Basi kilichowafikisha pale kwa sehemu kubwa ni umaskini.

Sasa nije kwenye kazi yangu, maana hapa ndipo ninapokuwa mkali.

Nimefanya wodi ya watoto na wodi ya wazazi. Mtoto mchanga anakula mara 8 hadi 12 kwa siku, hilo kila mama hapa analijua kwa macho mekundu. Chukua kituo chenye wachanga 12, na uwe mpole, sema kila mmoja anakula mara 8 tu. Hiyo ni milo 96. Kila mlo dakika 20, ukiwa umempakata na kumcheulisha. Ni saa 32. Siku nzima ina saa 24. Weka walezi wawili, kila mmoja anakuwa na saa 16 za kunyonyesha chupa tu, hajabadilisha nepi, hajafua, hajala, hajaenda chooni. Kinachotokea unakijua ukitumia akili: chupa inaegeshwa kwenye nguo iliyokunjwa, mtoto ananyonya peke yake akiangalia dari. Anapaliwa. Maziwa yanaingia sikioni, sikio linaoza. Akilia haji mtu, kwa sababu mtu huyo ana wengine kumi na mmoja. Baada ya muda anaacha kulia.

Wageni wakifika wanasema, "Watoto wa hapa wametulia sana, hawasumbui." Mama, mtoto wa miezi sita asiyesumbua ni wa kupelekwa kliniki. Na yule wa miaka miwili anayemkimbilia mgeni yeyote na kumkumbatia miguu, watu wanapiga naye picha wakidhani ni upendo. Wa kwako wa miaka miwili akimwona mtu asiyemjua anajificha nyuma ya khanga yako, siyo? Anaye wa kumkimbilia ndiyo maana anajificha.

Haya siyatoi kichwani. Mwaka 1945 daktari mmoja, René Spitz, alichapisha alichokiona kwa watoto wachanga wa sehemu mbili. Wa kwanza walikuwa kwenye kituo kisafi, chakula cha kutosha, wauguzi wapo, ila kila muuguzi alikuwa na watoto kama wanane. Wa pili walikuwa gerezani, wanalelewa na mama zao wafungwa. Gerezani! Wale wa kituoni zaidi ya theluthi walikufa ndani ya miaka miwili ya kufuatiliwa. Wa gerezani hakufa hata mmoja katika kipindi alichowafuatilia. Soma tena hapo kabla hujaendelea.

Halafu Romania. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, dunia ikakuta watoto zaidi ya laki moja wamejazwa kwenye vituo vya serikali, wengi wana wazazi. Miaka ya 2000 watafiti wakachukua watoto 136 wa vituo vya Bucharest, wakapiga kura, nusu wakapelekwa kwenye familia za walezi na nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida wa vituo. Waliopata familia waliongezeka uwezo wa akili, na miili yao ikakua. Waliopata familia kabla ya miaka miwili walifanya vizuri kuliko waliochelewa. Waliobaki nyuma walibaki nyuma.

Na kwa wale watakaosema mambo ya wazungu hayatuhusu: mnakumbuka wodini tunavyowafunga watoto njiti kifuani, kangaruu? Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Kichanga mwenye uzito mdogo akiwekwa kifuani kwa mama mapema tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri apate nafuu kwanza, vifo vinapungua kwa robo. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu ilionekana haifai kuwanyima wengine. Kifua cha mtu kimeshinda mashine. Halafu wewe uniambie mtoto aliyetoka vitani, dawa yake ni kitanda cha deka.

SEHEMU YA 3

Hii ndiyo sehemu niliyotaka tufike, maana Goma si mara ya kwanza.

Julai 1994, mimi nikiwa mtoto mdogo, karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma ndani ya siku chache. Kipindupindu na kuhara damu vikaua makumi ya maelfu ndani ya wiki. Kwenye ile vurugu yote ya Rwanda na nchi jirani, watoto zaidi ya laki moja wakaandikishwa kuwa wako peke yao. Mashirika makubwa kwa madogo yakaja mbio, yakafungua vituo vya watoto. Nia safi kabisa, kama ya kwetu kwenye grupu.

Mnajua nini kilitokea? Ndani ya kituo kulikuwa na uji, maji safi na dawa. Nje ya kituo, kambini, kulikuwa na mauti. Wazazi na ndugu wakaanza kuwaacha watoto pale mlangoni. Nani angefanya vingine? Una watoto wanne, huna chakula, mita mia mbili kuna geti ambalo mtoto akiingia PEKE YAKE anakula, akiingia na wewe hali. Utamfundisha aseme mama kafa. Mimi ningemfundisha. Hivyo kituo kilichojengwa kupokea watoto waliopotezana na familia kikawa chenyewe kinatenganisha familia, tena bila mtu yeyote kukusudia.

Waliokuja kuwasaidia wale watoto kweli kweli walikuwa wa aina nyingine. Walizunguka na picha. Msalaba Mwekundu na UNICEF walipiga picha watoto waliokuwa wadogo mno hata kutaja jina la kijiji, wakazibandika na kuzipitisha kambi hadi kambi ili mama apite, asimame, apige kelele "huyu wangu!" BBC mwaka huo huo wa 1994 ikaanzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi, yakaitwa Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia. Watu walikaa na redio wakisikiliza majina. Kazi ya namna hiyo haina jengo la kuzindua wala utepe wa kukata. Huwezi kuweka kibao chenye jina la mfadhili kwenye mtoto aliyerudi kwa shangazi yake. Nadhani ndiyo maana inakosa wachangiaji.

Na Rwanda wenyewe walijifunza. Mwaka 2012, miaka 18 baada ya mauaji ya kimbari, walihesabu wakakuta bado kuna watoto 3,323 kwenye vituo 33. Wakaamua kuvifunga, pole pole, mtoto mmoja mmoja: huyu ana bibi, huyu ana baba mdogo, huyu hana kabisa, atafutiwe familia. Wale walezi wanaojitolea wanawaita malayika murinzi, malaika mlinzi. Nchi iliyopitia vita kuliko sisi tunavyoweza kufikiri ndiyo hiyo inaondoka kwenye mabweni. Kenya nao mwaka 2022 walizindua mkakati wa miaka kumi wa kuelekea huko huko. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kutaka nchi zipunguze vituo na ziimarishe familia. Sisi wa Nakwa tunachangishana mabati kwa kitu ambacho majirani wanakibomoa.

Usiniambie vitani haiwezekani. Nyarugusu iko Kasulu, Kigoma, nchi hii hii, imepokea Wakongo tangu 1996. Mtoto anayefika kambini peke yake hatafutiwi bweni, anatafutiwa familia ya mlezi humo humo kambini, Wakongo wenzake, wanaojua lugha yake na ugali wake, na wahudumu wanapita kumwangalia. Ni familia zilizofungasha maisha yote kwenye salfeti, na bado zinaongeza sahani.

SEHEMU YA 4 (fupi, ila naomba isomwe na watu wa Babati)

Mnaukumbuka mwaka 2017? India ilipobana kuingiza mbaazi? Bei ikaanguka mpaka watu wakaziacha shambani, wengine wakawapa ng'ombe. Wakulima wa huku waliokuwa wamekopa kwa kutegemea mbaazi walikaa uwanjani wanaangalia magunia. Ada, sare, bima, vyote vilikuwa kwenye yale magunia.

Sasa weka hapa ziwani, mwaka ule ule, kituo kizuri cha watoto. Ukuta mweupe, umeme wa jua, chapati Jumapili, shule ya Kiingereza bure, wafadhili wanakuja na mipira. Sharti ni moja tu, mtoto awe yatima au "mwenye mazingira magumu".

Jiulize kwa siri, usinijibu hapa. Ungepeleka mmoja? Jirani yako je?

Na mbaazi zilipopanda bei tena, mtoto angerudi? Au angekuwa ameshazoea, anaongea Kiingereza, anakuonea aibu ukienda kumwona na ndala zako?

Hakuna aliyetujengea kituo, tukahangaika, tukauza kuku, tukapeleka watoto kwa bibi zao Bonga na Gallapo kwa muhula mmoja, tukawarudisha. Watoto wale leo wako sekondari na wanawaita wazazi wao mama na baba.

Na Desemba 3, 2023 mlima Hanang ulipomwaga tope Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa, kuna watoto walibaki bila wazazi. Wengi wenu mlitoa nguo, unga, mablanketi, na mnajua zilikwenda wapi. Serikali ikajenga nyumba Waret, nyumba za familia, zenye sebule na jiko. Tulielewa wenyewe, bila semina, kwamba aliyepoteza nyumba anarudishiwa nyumba. Kwa nini akiwa Mkongo tunamjengea bweni?

SEHEMU YA 5

Majibu kwa mlioandika. Nimeyasoma yote baada ya zamu ya usiku, mnisamehe kama kuna niliyemruka.

"Nesi una roho mbaya, kuna watoto hawana mtu KABISA." Wapo, sikatai. Nimewahi kumbeba kichanga ambaye hatukujua hata aliletwa na nani. Lakini hata huyo hahitaji watoto arobaini wenzake na matroni watatu wanaopokezana. Anahitaji mtu mmoja, mlezi, jina la ukoo wa kumpokea. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka haki ya mtoto kuishi na wazazi wake, ikaweka utaratibu wa walezi wa kambo wanaothibitishwa na ustawi, na ikataka makao ya watoto yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Makao ni kimbilio la mwisho. Ofisi ya ustawi iko pale halmashauri, hailipishi kuuliza.

"Mahali pa kulala usiku wa leo je? Watoto wako barabarani!" Hilo ni swali la haki na ndilo zuri kuliko yote. Nakubali mahali pa dharura. Paa la wiki, la miezi miwili, wakati wanatafutwa ndugu, na kila mtoto ana faili lenye tarehe ya kuingia na mpango wa kutoka. Wodi yangu iko hivyo hivyo. Mgonjwa akilazwa tunaanza kufikiria ataruhusiwa lini. Wodi ambayo inajisifu kwa idadi ya waliolazwa miaka kumi ungeiogopa. Ile video inajisifu kwamba kuna watoto "wamekulia hapo".

"Kituoni wanakula na kusoma vizuri kuliko kwao." Ndiyo. Sasa kwa nini hicho chakula na hiyo ada viwe ndani ya geti tu? TASAF inapompa mama wa kaya maskini ruzuku na kumfuatilia kama amepeleka mtoto kliniki, mtoto anakula akiwa kwao. Ina matatizo yake, majina yanayorukwa tunayajua, lakini mantiki yake ndiyo hiyo: hela inamfuata mtoto alipo. Haimwamrishi mtoto aifuate hela.

"Bibi mzee atamlea vipi mchanga?" Hapa nina hasira ya zamani. Mama akifariki kwenye uzazi, mara nyingi anayekuja kuchukua mtoto ni bibi. Anasimama pale na kanga mbili. Maziwa ya kopo yanamaliza hela ya ndizi zote alizouza mwezi mzima. Nimeshuhudia, mahali nilipowahi kufanya kazi, bibi wa hivyo akishauriwa na mtu mwenye koti jeupe, "Mpeleke kituoni tu, utamuua huyu." Bibi hakulia, alikunja kanga akauliza gari la huko linapita saa ngapi. Kule kituoni yule mchanga angenunuliwa kopo lile lile, na mfadhili yule yule angelipa, pamoja na mshahara wa mlinzi, dizeli ya jenereta na rangi ya ukuta. Kama hela ya kopo ipo, mpeni bibi kopo. Mfundisheni kuchemsha maji na kupima vijiko, mpeni namba ya nesi wa kumpigia usiku. Nimefundisha bibi wasiojua kusoma, wanapima vizuri kuliko wasomi, kwa sababu wanaogopa kukosea.

"Kwa hiyo hao watu wa shirika ni matapeli?" Sijasema hivyo na sitasema. Wanaweza kuwa watu safi kabisa, wanalala na njaa kwa ajili ya wale watoto. Mimi nabishana na mradi, sina ugomvi na watu. Mtu mwema anaweza kujenga kitu kibaya kwa risiti zilizokamilika.

"Wewe ni Mtanzania, ya Kongo yanakuhusu nini?" Wanaongea Kiswahili kama wewe. Mama wa Goma akimbembeleza mwanawe unaelewa neno kwa neno. Basi.

SEHEMU YA 6

Nilisema nina maswali. Niliwaandikia lile shirika kwenye namba iliyoko chini ya video, kwa Kiswahili, kwa adabu, nikijitambulisha kwamba ni mmoja wa kina mama waliochanga.

Nikauliza: kati ya watoto mlionao, wangapi wana ndugu anayejulikana alipo? Nani kazi yake, kila siku, ni kuwatafutia ndugu, na analipwa kutoka kwenye hela gani? Na mwaka uliopita watoto wangapi walitoka kwenu kurudi kwenye familia, na nani alikwenda kuwaangalia baadaye?

Nikaongeza la nne ambalo ni la kinesi: wachanga mnao wangapi, na usiku wanalala na walezi wangapi?

Walinijibu siku ya pili, na nawashukuru, wengi hawajibu. Dada aliyenijibu ni mstaarabu. Kasema wachanga wanalala na mlezi mmoja, anasaidiwa na mabinti wakubwa wa humo humo. Kasema hawana mtu maalumu wa kutafuta ndugu, kwa sababu wafadhili huwa hawachangii hilo, wanachangia majengo. Hapo niliweka simu chini kwanza.

Kuhusu ndugu, kaandika hivi, kwa maneno yake kadiri ninavyokumbuka: wapo wengine ambao ndugu zao tunawajua, wengine hata huwa wanakuja kuwaona siku za ibada, lakini hawana uwezo wa kuwachukua. Hakusema wangapi.

Mama zangu, someni hapo. Kuna mama au shangazi anatembea kwenda kumwona mtoto, anakaa naye saa moja, halafu anamwacha getini na kurudi peke yake kwa sababu hana unga. Na sisi tuko Babati tunapigiana hesabu za mabati ili lile geti lisimame imara.

Nimemuuliza: kumrudisha mtoto mmoja kwa shangazi wa hivyo, na kumsimamia shangazi kwa mwaka, chakula, mtaji kidogo wa biashara, daftari na sare, ni kiasi gani? Akaniambia hajawahi kuulizwa, ngoja akae na wenzake wapige hesabu. Nikamwambia akimaliza anitumie, na hiyo ndiyo nitakayochangia, hata kama ni kwa mtoto mmoja, elfu kumi yangu na nyingine juu yake.

Mweka hazina wetu bado anayo ile hela, nimemuuliza leo asubuhi tukiwa kwenye foleni ya maji, haijatumwa. Kikao cha grupu ni Jumapili saa tisa, pale kwa mama Neema chini ya mwembe. Naomba tusiitume mpaka ile hesabu ya shangazi ifike, na naomba kila aliyetoa aje asemee hela yake mwenyewe, hata yule aliyejifungua, tutamtafutia kiti cha kuegemea. Wenye watoto wadogo njoeni nao, nitabeba ule utepe wa kupima mkono na mizani, tukimaliza kubishana nitawapima.